Kigingi cha Kumi na Nne

16 Juni

Mto umefunguliwa leo. Tangu katikati ya Machi ilikuwa marufuku kutia ndoana katika Trent, ili samaki wazaane kwa amani, na leo alfajiri nusu ya wastaafu wa Nottingham walikuwa wameketi ukingoni juu ya masanduku yao kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Mimi nilikuwa mwanamke pekee, na mtu pekee aliyesimama.

Niandike kwanza kwa nini nipo hapa, ili nikija kukata tamaa nijue wa kumlaumu. Mwezi wa nne bwana mmoja mwenye mto wake mwenyewe huko kusini aliandika gazetini kwamba kuvua kwa nzi wa bandia ni sanaa iliyozaliwa kwa ajili ya trauti na samoni, na kwamba kumrushia nzi samaki wa mjini ni kumvisha punda gauni la harusi. Katika nchi hii hata samaki wana matabaka. Trauti na samoni ni samaki wa heshima. Waliobaki wote, chabu mnene mwenye mdomo mpana, sangara wa mistari, paiki mwenye meno kama msumeno, wanaitwa samaki wa hovyo, na neno hilo limeandikwa mpaka kwenye leseni yangu. Nilimjibu bwana yule katika safu yangu ya kila Alhamisi, na nilimjibu vibaya. Makala ilipotoka nikagundua kwamba nimetetea jambo nisilolijua hata kidogo, kosa ambalo huwa nawachapa wenzangu kwa ajili yake. Nikaenda kununua fimbo.

Ukingo pekee ninaoweza kuufikia kwa miguu ni wa Chama cha Wavuvi cha Clay Bend. Mwenyekiti wake, Desmond Pykett, karani wa mahakama mstaafu, alinipa kadi ya mwanachama wa majaribio. Nitakuwa wa majaribio hadi mkutano wa mwisho wa Septemba. Hapo watapiga kura, nibaki au niondoke.

"Kigingi chako ni cha kumi na nne, bata wangu," alisema, akanionyesha kipande cha mti kilichochomekwa kwenye nyasi kikiwa na namba ya rangi nyeupe. Hapa mjini kila mtu ni bata: muuza mikate, hakimu, mwizi aliyetiwa pingu.

"Mimi sivui kwa kukaa," nikamwambia. "Mtu wa nzi anatembea. Anamfuata samaki aliko."

"Na mtu wa chama hiki anavua kwenye kigingi chake. Kanuni ya tisa."

"Sababu yake ni nini?"

"Sababu yake ni kwamba ni ya tisa. Imekuja baada ya ya nane."

Nyuma ya kigingi cha kumi na nne kuna kichaka cha miiba kirefu kuliko mimi. Nzi wa bandia hana uzito, ni manyoya na uzi tu. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, nao lazima urudi nyuma kwanza, unyooke hewani, ndipo uende mbele. Wangu ulirudi nyuma ukabaki huko huko. Nimepoteza nzi wanne. Samaki hakuna.

17 Juni

Nzi watatu. Samaki hakuna.

20 Juni

Jirani yangu wa kigingi cha kumi na tatu anaitwa Errol Pinnock. Aliendesha mabasi ya mji huu mpaka magoti yakamgomea. Mama yake alitoka Jamaika, yeye alizaliwa Radford, mtaa wa hapa hapa mjini, na sijaona mtu anayekaa kimya kwa furaha kama yeye. Leo aliuvunja ukimya wake.

"Bata," alisema bila kugeuka, "hicho kichaka kimeshiba. Jaribu na mto."

Nikamwuliza kama anadhani ni rahisi.

"Sidhani kitu. Mimi nina boya na kopo la funza. Boya likizama, navuta. Wewe naona unapigana na nyuki."

Nilimweleza kwamba nzi ni funza aliyekua, kwa hiyo yeye na mimi tunatumia chambo kimoja, ila wangu amemaliza shule. Alicheka sana akamwaga chai. Nilifurahi, nikarusha kwa kujiamini, nikanasa kofia yake.

26 Juni

Nimefanya mazoezi kwenye bustani ya umma ya Forest, kwenye nyasi, bila ndoana. Mama mmoja mwenye mbwa alisimama akanitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, akili. Akasema pole, bata, akaendelea na safari yake.

Kitabu kinasema mkono usimame pale kidole gumba kinapofika sambamba na sikio. Kila kitabu kimeandikwa na mtu asiye na kichaka.

3 Julai

Joto. Mto umepungua, maji meupe kama kioo. Ninawaona chabu kule chini karibu na mti wa willow ulioinamia maji, weusi, wakubwa, wamejipanga kama magari ya mazishi. Hawako mbele ya kigingi changu.

9 Julai

Nimevua. Nimevua samaki! Urefu wa kidole changu cha kati. Nilimpeleka kwa Errol kwenye kiganja chenye maji.

"Huyo ni chambo, bata," alisema.

15 Julai

Jana safu yangu ilitoka na nilimwaga yote. Niliandika kwamba taifa hili liliwanyang'anya maskini mashamba ya pamoja, likayazungushia ua, na kwamba wajukuu wa wale walionyang'anywa sasa wanachomeka vigingi ukingoni ili wanyang'anyane maji wao kwa wao. Niliita Kanuni ya Tisa ukiritimba wa makalio. Nilijiona nimeandika vizuri. Bado najiona hivyo.

Leo asubuhi Desmond alipita nyuma yangu akielekea kigingi cha kumi na tano, sanduku begani, mwavuli wa kijani kwapani. Alisimama.

"Umeandika 'ukiritimba'," alisema. "Ukiritimba ni wa muuzaji. Chama hakiuzi kitu."

"Ni ukiritimba wa mahali."

"Hapo ungesema 'umiliki'. Na umesema tunachomeka vigingi kunyang'anyana. Vigingi vinazuia kunyang'anyana. Ndiyo kazi yake."

"Kwa hiyo kanuni ina sababu. Juzi uliniambia haina."

"Juzi uliuliza kwa kiburi," alisema, akaenda kukaa.

Mtu huyu ana umri wa miaka sabini na kitu, shingo nyembamba, miwani iliyofungwa kwa kamba, na ananifanya nitamani kupiga kelele katikati ya mto. Kinachoniuma zaidi ni kwamba "umiliki" ni neno bora.

16 Julai

Nzi wawili. Kichaka.

4 Agosti

Bado joto. Kwa kuwa sina la kufanya zaidi ya kufungua mafundo, nimekuwa nikimtazama Desmond. Anafika kabla ya jua kupanda na hatii ndoana majini kabisa. Anatupa donge dogo la mkate, anasubiri. Anatupa punje chache za mbegu za bangi zilizochemshwa mpaka zikawa na rangi ya zambarau, halali kabisa kwa samaki, anasubiri tena. Maji yanazibeba taratibu mpaka kwenye kivuli cha willow. Anaendelea hivyo asubuhi nzima, kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kuku mgonjwa. Adhuhuri anafunga sanduku anakwenda nyumbani. Jioni anarudi, ndipo anavua.

Nilimwambia Errol kwamba sijawahi kuona mchezo wa kipuuzi namna hii. Mtu mzima anapika chakula siku nzima halafu anaondoka mezani.

"Anawapa nafasi," Errol alisema.

"Nafasi ya nini?"

"Ya kula bila kuogopa. Wewe huwa unawatisha, bata. Usiudhike."

Niliudhika.

11 Agosti

Nitaandika kwa kirefu leo.

Saa kumi na moja jioni palikuwa hakuna mtu. Errol alikuwa amekwenda kumtazama dada yake, Desmond alikuwa amefunga sanduku tangu adhuhuri, na wengine wote walikuwa wamekimbia joto. Nilikuwa kwenye kigingi changu kama mfungwa mwema. Kule chini ya willow chabu mmoja aliinuka, akafungua ule mdomo wake mweupe, akaufunga. Duara likatanuka juu ya maji. Kisha akaja mwingine.

Nikauliza kwa sauti, katika ukingo mtupu, ni nani ninayemdhulumu. Nikaenda.

Nilipita kigingi cha kumi na tano nikashuka mpaka kwenye mchanga ulioachwa wazi na kiangazi. Nyuma yangu palikuwa na anga tu. Nilifunga nzi mweusi, mnene, mbaya, niliyemtengeneza mwenyewe kwa sufu ya soksi. Nilirudisha mkono nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Juni niliusikia mshipi ukinyooka, mvuto mdogo mkononi, kama mtu anayekushika kiwiko kwa upole. Nikaupeleka mbele. Nzi akatua kwa kishindo kibaya, paa, kama tunda lililooza. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

Chabu akageuka. Hakukimbilia. Alikuja kama mwenye nyumba anayekwenda kufungua mlango, akamtazama, akamla.

Siwezi kueleza yaliyofuata ila kwamba nilisahau kila neno ninalolijua, na mimi huishi kwa maneno. Fimbo ilipinda mpaka mpini. Alikwenda kwenye mizizi, nikamzuia. Akaenda tena, nikaingia majini mpaka magotini na viatu vyangu. Nilipomfikisha kwenye wavu nilikuwa ninahema kama mbwa. Magamba yake yalikuwa ya shaba, kila moja limezungushiwa wino mweusi. Nilipomtoa ndoana alitema mkononi mwangu makombo ya mkate na punje kadhaa zenye rangi ya zambarau. Nilizisuuza, nikamshika akiwa amekabili mkondo mpaka akapata nguvu, akaondoka bila haraka.

Samaki wa hovyo, wanamwita.

"Jioni njema," ikasema sauti juu yangu.

Desmond alikuwa amesimama ukingoni na sanduku lake begani. Sikumsikia akija. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikera kuliko hasira.

"Umemwona?" nikamwuliza. Nilikuwa nacheka bado.

"Nimemwona. Namjua. Umekula kwenye sahani yangu, bata."

"Mto hauna sahani."

"Huo una sahani. Nimeiandaa tangu alfajiri." Aliweka sanduku chini, akalitazama, akaliinua tena. "Nitaliwasilisha jambo hili mkutanoni. Sitaki ushangae siku hiyo."

Akarudi nyumbani bila kuvua.

12 Agosti

Barua imebandikwa kwenye kibanda cha chama: mwanachama wa majaribio L. Greatorex amevunja Kanuni ya Tisa, kura ya kumwondoa itapigwa tarehe ishirini na nne Septemba. Desmond hakuliandika jina langu, Lorna, kikamilifu, lakini "Greatorex" hajakosea hata herufi.

Nitawapiga. Nitawapiga kwa hoja mpaka waombe radhi.

20 Agosti

Hotuba: karatasi tatu. Nzi mmoja, kichaka.

2 Septemba

Mvua hatimaye. Mto una rangi ya chai ya maziwa na hakuna anayepata kitu. Hotuba imefika karatasi nane, pande zote mbili. Nimeanza na mashamba ya pamoja, nikapita kwenye mabwana wa trauti, nikafika kwenye makarani wanaolinda malango ambayo hawakuyajenga. Nilimsomea Errol sehemu ya mwisho chini ya mwavuli wake tukila mikate ya nyama ya nguruwe.

"Utashinda," alisema. "Nusu yao wamemchoka Desmond na kanuni zake. Ukiwachekesha mara mbili tu, watakuwa wako."

"Na wewe utanipigia?"

"Nitakupigia. Nani atanichekesha msimu wa baridi?" Alitafuna kwanza. "Hukuniuliza kama una haki."

"Nina haki?"

"Sasa umeuliza umechelewa, mdomo wangu umejaa."

9 Septemba

Maji yametulia. Leo niliamua kuthibitisha kwa vitendo, ili nipate cha kuweka kwenye hotuba, kwamba kutupa mkate hakusaidii kitu na kwamba samaki hana anwani. Nilifika alfajiri na mkate mzima. Nilitupa kidogo, nikasubiri. Nikatupa tena, nikasubiri. Sikutia ndoana. Ni kazi ya kuchosha kupita kiasi. Unatazama maji yale yale, unaanza kujua jiwe liko wapi, mkondo unapinda wapi, unajikuta unahesabu pumzi kati ya donge na donge. Mgongo uliniuma. Sikufungua kitabu hata mara moja.

Karibu na adhuhuri kivuli kimoja kilipanda kutoka chini ya willow, kikasimama mbele ya kigingi cha kumi na nne. Kisha cha pili. Chabu wawili walikuwa wanakula mkate wangu, mbele yangu, kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze.

Errol alikuwa amewaona. Aliinua fimbo yake.

"Nirushe hapo?" aliuliza kwa utani.

Nilimwambia akithubutu nitamtupa mtoni na sanduku lake.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka akanitazama, na mimi nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikakumbuka zile punje za zambarau kwenye kiganja changu na jinsi nilivyozisuuza haraka.

Sikuvua. Nimekasirika sana, na safari hii sina wa kumpinga gazetini.

15 Septemba

Nimesoma hotuba tena. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Ingeshinda popote.

23 Septemba

Nimejaribu kuirekebisha iweze kusimama bila sehemu ya mkate. Inasimama. Ndilo tatizo la hotuba.

24 Septemba

Chumba cha juu cha baa, viti vya plastiki, harufu ya bia na njegere za kupondwa na sosi ya mnanaa. Chama kizima kilikuja, kwa sababu walitarajia burudani. Nilipoingia na karatasi zangu mtu mmoja nyuma alisema, "Jamani, tutalala hapa," wakacheka, na Errol akanikonyeza. Walikuwa tayari upande wangu kabla sijafungua mdomo.

Desmond alisoma shtaka bila kuongeza neno. Alikuwa amevaa tai. Mbele yake palikuwa na rundo la karatasi, lingine la vitabu vilivyotiwa alama za vipande vya gazeti. Kisha akaniuliza swali moja.

"Samaki uliyemvua chini ya kigingi cha kumi na tano alikuwa anakula nini?"

Nilisimama. Nilikuwa na jibu la kuchekesha, lilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Niliwatazama wale wazee, nyuso zimefunguka kusubiri kichekesho, nikamtazama Desmond ambaye mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitabu cha kwanza.

"Alikuwa anakula mkate wako na mbegu zako," nikasema. "Uliwalisha asubuhi nzima, ukawaacha wapumzike, mimi nikaja nikala. Kanuni ina sababu. Ni kweli nimeivunja."

Nikakaa.

Desmond alivua miwani.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Una karatasi pale."

"Si za leo."

Alivaa miwani tena, akaitisha kura. Wangefanya nini? Mtu amekiri. Hata Errol aliinua mkono nusu, akaushusha, akatazama magoti yake. Nimeondolewa kwenye chama hadi mto utakapofunguliwa tena mwakani, nikitaka niombe upya.

Nilitembea nyumbani nikiwa nimewaudhi wote kwa wakati mmoja, walionipinga na walioniunga mkono. Hata kwenye safu sijawahi kufanikiwa hivyo.

25 Septemba

Nimekwenda mtoni kwa mazoea. Nikageuka darajani.

4 Oktoba

Maonyesho ya Bata Bukini, tamasha la mji la kila mwaka, yameanza, mji mzima unanuka sukari iliyoungua. Nimekimbilia mfereji wa nyuma ya stesheni. Ni wa umma, mtu yeyote anavua. Kuna baiskeli iliyozama, kigari cha dukani na mafuta yanayong'aa juu ya maji, na chini ya vyote hivyo kuna sangara. Hakuna vichaka. Nilikuwa narusha kando ya ukuta, mshipi unanyooka vizuri, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria kwamba labda sihitaji chama chochote duniani, niliposikia mtu anakohoa.

Desmond alikuwa amevaa ile tai. Kwapani alikuwa na kiti cha kukunja na mfuko wa vitabu.

"Errol aliniambia uko hapa," alisema.

"Nimevunja kanuni gani tena?"

"Ulikuwa na karatasi. Nane, pande zote mbili. Niliziona."

"Nilikuwa nazo."

"Nilijiandaa mwezi mzima. Nilijua ungeanza na mashamba ya pamoja. Nilikwenda maktaba. Nina majibu kwa kila shamba katika mkoa huu tangu enzi za babu wa babu yangu. Halafu wewe unasimama, unakiri, unakaa." Aliupiga ule mfuko wa vitabu kwa kiganja. "Maisha yangu yote mahakamani sijaona utovu wa adabu wa namna ile."

"Desmond, ulishinda."

"Sikushinda. Uliniachia. Ni vitu viwili tofauti, na wewe unajua tofauti yake, kwa hiyo usinifanye mjinga." Alikunjua kiti, akakiweka ukingoni, akakaa, vitabu magotini. "Haya, bata. Nasikiliza."

"Nimekuja kuvua."

"Vua. Sijakuambia uache kuvua. Hata mimi huwa navua nikiwa nimenuna."

Karibu na kigari cha dukani sangara mmoja alimfuata nzi wangu, akasimama, akapiga pezi, akaondoka. Nilitukana kimoyomoyo. Karatasi zilikuwa nyumbani lakini sikuzihitaji. Nilikuwa nimezihifadhi kichwani, neno kwa neno, pamoja na vituo. Nikaushusha mkono. Nikakohoa.

"Bwana Mwenyekiti," nikaanza, "kabla ukingo huu haujawa na vigingi..."

Aliinua kidole.

"Mimi si mwenyekiti wako," alisema. "Umefukuzwa. Anza upya."